Ukaazi wa kudumu Kanada: jinsi ya kuzitumia haki zako na kuzilinda

Habari za jinsi ya kupata makaratasi ya Kanada zimejaa kila mahali. Zinazomweleza mtu afanye nini akishayapata ni chache, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Kuna waliohangaika miaka kumi na tano kambini Nyarugusu au Kakuma, wakafika Winnipeg au Ottawa na ukaazi wa kudumu mkononi, halafu wakaupoteza kwa safari moja ya msibani. Kuna Mtanzania aliyekaa Toronto muda mrefu bila tatizo, akaja kubabaishwa na kesi ya kuendesha gari akiwa amelewa. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana PR, yaani huo ukaazi wa kudumu, au yuko mlangoni kuipata, na anataka kuishika vizuri.

Ninayoeleza yanatokana na sheria ya uhamiaji na ulinzi wa wakimbizi ya Kanada, iliyoanza kutumika Juni 2002, pamoja na mabadiliko yake. Quebec ina taratibu zake kwenye baadhi ya mambo, hasa ya kudhamini familia, kwa hiyo walioko Montreal waulize na huko.

Hatua ya kwanza: elewa kwamba kadi na hadhi ni vitu viwili

Kadi ya PR kwa kawaida hudumu miaka 5. Ikiisha muda, wewe bado ni mkaazi wa kudumu. Unaendelea kufanya kazi, watoto wanaendelea na shule, hospitali unatibiwa. Nimewaona akina mama wakiogopa kumpeleka mtoto kliniki kwa sababu kadi imepitwa na wakati. Hofu hiyo iondoe.

Sasa geuza upande wa pili. Kuwa na kadi yenye miaka miwili mbele hakukulindi kama siku zako za kukaa nchini hazitoshi. Ofisa wa mpaka au wa ubalozi anaweza kukuhesabia siku hata kama kadi inang'aa.

Kadi ina kazi moja kubwa: kupandia ndege kurudi Kanada. Shirika la ndege halitakupandisha bila kadi halali au hati maalumu ya safari ya mkaazi, ambayo nitaieleza mbele. Kwa hiyo usisubiri mpaka una tiketi ndipo ukumbuke kuihuisha. Unaweza kuomba kadi mpya ikibaki miezi 9 au chini ya hapo, na uwe ndani ya Kanada wakati unaomba. Ada ni dola 50.

Hadhi yenyewe haipotei kimyakimya. Inaisha ukiwa raia, ukiiacha mwenyewe kwa maandishi, au kukitolewa uamuzi rasmi dhidi yako na njia za rufaa zikaisha. Mpaka hapo, wewe ni mkaazi. Yeyote anayekuambia "umekaa nje sana, PR yako imeshakufa" hajui anachosema, na usisaini karatasi yoyote ya kuiacha hadhi kwa sababu tu umebanwa na maswali uwanja wa ndege. Una haki ya kutetea hoja yako.

Hatua ya pili: chukua vilivyo vyako wiki za mwanzo

Mpe IRCC, idara ya uhamiaji, anwani yako ndani ya siku 180 tangu upate hadhi. Ukichelewa, kadi ya kwanza ambayo ungeipata bure itabidi uiombe na kuilipia.

Nenda Service Canada, ofisi ya huduma za serikali kuu, upate namba ya SIN, inayotakiwa kazini na kwenye kodi. Kama ulikuwa na ya zamani inayoanza na 9, hiyo ni ya wakaazi wa muda; ibadilishe, bure. Na kama ulikuja kwa kibali cha kazi kilichokufunga kwa mwajiri mmoja, kifungo hicho kimekwisha. Unaweza kufanya kazi kwa mtu yeyote, mkoa wowote, kwa sababu mkataba wa haki wa nchi hiyo unampa mkaazi wa kudumu haki ya kuhama na kutafuta riziki popote ndani ya Kanada, sawa na raia.

Kadi ya afya inatolewa na mkoa. Ontario hakuna kusubiri. British Columbia unasubiri mpaka mwezi uliofikia uishe, kisha miezi miwili zaidi. Wakimbizi waliopokelewa wana bima ya muda ya serikali kuu inayoziba pengo hilo, kwa hiyo usilipe mfukoni kabla ya kuuliza.

Posho ya watoto wenye umri chini ya miaka 18 ndiyo fedha ambayo familia zetu huikosa kizembe. Inaombwa kwa fomu RC66, kwa kawaida na mama, na huingia benki karibu na tarehe 20 ya kila mwezi. Inakokotolewa kutokana na mapato yaliyoripotiwa kwenye kodi, kwa hiyo wewe na mwenzi wako wote lazima mjaze ritani ya kodi kila mwaka kabla ya tarehe 30 Aprili, hata kama hamkupata senti. Ukiruka mwaka, posho inasimama. Mwezi Machi na Aprili kuna kliniki za kujitolea zinazowajazia bure wenye kipato kidogo. Uliza maktaba au kituo cha wahamiaji kilicho karibu.

Chuoni utalipa ada ya mwenyeji na si ya mwanafunzi wa kigeni, na tofauti ni kubwa mno. Kama Kiingereza bado kinasumbua, madarasa ya bure ya LINC ni ya wakaazi wa kudumu na wakimbizi waliotambuliwa. Ukishakuwa raia huruhusiwi tena. Yatumie mapema.

Usichoweza: kupiga kura za taifa, kugombea ubunge, kubeba pasipoti ya Kanada. Mtu akikuletea fomu ya kujiandikisha kupiga kura, mwambie hapana.

Hatua ya tatu: hesabu siku, na uandike

Sheria inataka uwe ndani ya Kanada angalau siku 730 katika kila kipindi cha miaka 5. Si lazima zifuatane. Hata sehemu ya siku inahesabika, kwa hiyo siku uliyoondoka na siku uliyorudi zote ni zako.

Namna ya kuhesabu inategemea umekuwa mkaazi kwa muda gani. Kama hujafikisha miaka 5, ofisa anaangalia kama bado *unaweza* kufikisha 730 kabla miaka 5 yako ya kwanza haijaisha. Ukishavuka miaka 5, anarudi nyuma miaka 5 kuanzia siku anayokuchunguza, na zile za zamani zaidi hazimhusu.

Tuchukue mfano. Dada mmoja alipata ukaazi tarehe 10 Juni 2021. Alikaa Kanada siku 400 kwa jumla, kisha akaenda Mwanza kumuuguza mama yake. Akirudi tarehe 10 Juni 2025, zimebaki siku 365 kufika mwisho wa miaka yake 5. Mia nne na 365 ni 765, yuko salama, ilimradi asitoke tena ovyo. Akichelewa mpaka tarehe 10 Agosti, zimebaki 304. Jumla inakuwa 704, na tayari amekiuka. Kwa hesabu hiyo siku yake ya mwisho ya kurudi bila wasiwasi ni karibu tarehe 15 Julai. Miezi miwili tu ndiyo inayotenganisha usingizi mnono na kesi ya kuondolewa nchini, na akiwa hospitali ya Bugando kitandani kwa mama hakuna atakayempigia simu kumkumbusha.

Kwa hiyo nunua daftari. Kila safari andika tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, nchi, na sababu. Weka tiketi, piga picha mihuri ya pasipoti, na pasipoti ya zamani usiitupe. Wakala wa mpaka, CBSA, una kumbukumbu za kuingia na kutoka kwako, na wewe unaweza kuziomba. Lakini daftari lako linakuokoa na kubahatisha tarehe kwenye fomu, jambo ambalo linaweza kuonekana ni udanganyifu. Udanganyifu kwenye uhamiaji una adhabu ya kufungiwa miaka 5.

Kuna siku za nje zinazohesabika kama za ndani: ukiwa umefuatana na mume au mke ambaye ni raia wa Kanada, mtoto akiwa na mzazi aliye raia, au ukiwa umetumwa nje na mwajiri wa Kanada kwa kazi ya muda wote. Hili la mwisho linachunguzwa sana. Kampuni iliyosajiliwa Kanada kwenye karatasi tu huku shughuli zote ziko Kariakoo haitakusaidia.

Hatua ya nne, kwa wakimbizi tu: usiiguse pasipoti ya nchi uliyoikimbia

Hapa naomba usome polepole, na umsomee mzee wa nyumbani kama hasomi.

Tangu tarehe 15 Desemba 2012, mtu aliyepata ukaazi kwa njia ya ukimbizi anaweza kuvuliwa ukimbizi *na ukaazi wa kudumu kwa pamoja* kama atabainika amejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake. Dalili kubwa mbili ni kuomba au kuhuisha pasipoti ya nchi hiyo, na kusafiri kurudi huko. Inawahusu walioomba hifadhi wakiwa ndani ya Kanada na waliotoka kambini pia. Haijalishi una nyumba, kazi na watoto waliozaliwa Calgary.

Mambo matatu yanawachanganya watu. La kwanza, wanadhani wakishapata PR suala la ukimbizi limefungwa. Halijafungwa mpaka uwe raia. La pili, wanadhani kuingia kwa nchi ya jirani kunaficha safari: unatua Kigali, unavuka kwenda Bukavu kwa siku nne za mazishi. Muhuri upo, picha za mitandaoni zipo, na swali la mpaka wakati wa kurudi lipo. La tatu, wanachukua pasipoti mpya ya Burundi au ya Kongo kwa kusafiria nchi nyingine tu, bila nia ya kurudi. Hata hiyo inaweza kutumika dhidi yako.

Uamuzi wa namna hii hauna rufaa kwenye baraza la rufaa za uhamiaji. Kinachobaki ni kuomba Mahakama ya Shirikisho iupitie, na njia hiyo ni nyembamba.

Ufanyeje basi? Omba hati ya kusafiria ya mkimbizi inayotolewa na serikali ya Kanada. Inakupeleka nchi zote isipokuwa ile uliyoikimbia. Kama mama yako yuko Uvira na wewe umetoka Uvira, yeye aje mkutane Bujumbura, Kigoma au Nairobi, ilimradi wewe hukuikimbia nchi hiyo ya kukutania. Ukishapata uraia ndipo hatari hii inaondoka.

Na kama umeshasafiri? Usiombe kadi mpya wala uraia kabla ya kuongea na wakili. Fomu zote hizo zinauliza safari zako, na huruhusiwi kudanganya.

Hatua ya tano: familia iliyobaki nyuma

Kanuni inayoumiza kuliko zote ni hii: mwenzi au mtoto ambaye hukumtaja wakati wa maombi yako ya ukaazi, na kwa hiyo hakuchunguzwa, kwa kawaida huwezi kumdhamini baadaye. Sababu nzuri za kibinadamu huwa zipo (mtoto wa nje ya ndoa, mtoto aliyepotea vitani, mshauri wa kambini aliyesema "usimwandike atachelewesha faili"), na serikali imekuwa na mpango wa muda unaowafungulia baadhi ya hao. Lakini kama faili lako bado liko wazi, mtaje leo. Mtoto akizaliwa au ukioa kabla hujapanda ndege, toa taarifa kabla ya kutua.

Mkimbizi aliyewataja mke, mume au watoto kwenye maombi yake ana dirisha la mwaka 1 baada ya kupata ukaazi wa kudumu la kuwaombea wamfuate, bila kupitia udhamini wa kawaida. Mwaka huo unakwisha haraka sana kwa mtu anayejifunza kupanda basi kwenye baridi. Lipe jambo hili nafasi ya kwanza mwezi wa kwanza.

Baada ya hapo kuna udhamini wa kawaida: mwenzi, na watoto ambao hawajafikisha miaka 22 na hawajaoa wala kuolewa. Mkaazi wa kudumu lazima awe anaishi Kanada ili adhamini. Raia anaweza kuanza akiwa nje kama anapanga kurudi.

Halafu kuna kipengele ambacho wengi hawakijui, na kwetu kina maana kubwa. Mdogo wako, mpwa wako au mjukuu wako aliyefiwa na wazazi *wote wawili*, yuko chini ya miaka 18 na hana mke wala mume, unaweza kumdhamini. Maofisa watahitaji vyeti vya vifo na vya kuzaliwa. Kama wazazi walifia vitani bila cheti, anza mapema kukusanya hati za mahakama au za UNHCR.

Hatua ya sita: polisi na mahakama

Mkaazi wa kudumu anaweza kuondolewa nchini kwa kosa la jinai kubwa. Kubwa kwa tafsiri ya uhamiaji ni kosa ambalo adhabu yake ya juu kisheria ni miaka 10 au zaidi, hata kama wewe ulitozwa faini tu, au kosa lolote ulilofungwa zaidi ya miezi 6.

Tangu tarehe 18 Desemba 2018, adhabu ya juu ya kuendesha gari ukiwa umelewa ilipandishwa kutoka miaka 5 hadi 10. Maana yake bia nne kwenye kitchen party na safari ya dakika kumi kurudi nyumbani zinaweza kukuweka kwenye kundi moja na majambazi. Bangi ni halali Kanada, lakini kuendesha gari ukiwa umeivuta kuna matokeo hayohayo.

Ukikamatwa, omba wakili kabla ya kueleza lolote, na umwambie tangu dakika ya kwanza: mimi si raia. Mawakili wa jinai wengine hawaulizi. Ukikubali kosa kwa makubaliano ya kifungo cha miezi 6 kamili, umepoteza haki ya kukata rufaa ya kuondolewa. Ikiwa ni miezi 6 kasoro siku moja, mlango wa rufaa haujafungwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali kuwa jaji anaweza kuzingatia athari za uhamiaji anapotoa adhabu, ilimradi adhabu ibaki ndani ya kiwango kinachostahili kosa. Kwa hiyo lazima mtu alitamke mbele yake.

Wazazi, hili ni la vijana wenu hasa. Kijana aliyeletwa akiwa na miaka 3, anayeongea Kiswahili cha kubabaika, akipatikana na hatia akiwa na miaka 19 anaweza kupelekwa nchi asiyoijua. Kinga yake ni uraia.

Hatua ya saba: ukikwama nje

Kadi imeibiwa Dar, au imeisha ukiwa Mombasa. Unaomba hati ya safari ya mkaazi wa kudumu, inayojulikana kama PRTD, kupitia mtandao au ofisi ya viza ya Kanada. Ada ni dola 50. Ombi hili ni uchunguzi kamili wa siku zako, kwa hiyo ambatisha ushahidi: ritani za kodi, mkataba wa nyumba, barua ya mwajiri, ripoti za shule.

Ukinyimwa, una siku 60 za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za uhamiaji. Na ukishakata, kama ulikuwa umekanyaga Kanada angalau mara moja ndani ya siku 365 kabla ya uchunguzi, unastahili kupewa hati ya kurudi usikilizwe ukiwa huko. Ukiwa umeshaingia na ukaandikiwa amri ya kuondoka, rufaa ni ndani ya siku 30, na wakati inasubiri wewe bado ni mkaazi na unaruhusiwa kufanya kazi.

Siku zikiwa hazitoshi, hoja yako ni ya utu: kwa nini ulikaa nje, ulijaribu kurudi lini, nani anakutegemea Kanada, watoto wataathirika vipi. Hoja hiyo inasimama kwa karatasi. Barua ya daktari yenye tarehe, cheti cha kifo, risiti za hospitali. "Nilikuwa namuuguza mama" bila karatasi ni maneno matupu mbele ya baraza.

Anayefika kwa gari kutoka Marekani ana nafuu: mpakani, ofisa akiridhika kuwa wewe ni mkaazi, lazima akuruhusu uingie hata kadi ikiwa imeisha, ingawa anaweza kuandika ripoti.

Kwa kesi hizi lipa mtu aliyeidhinishwa tu: wakili, au mshauri aliyesajiliwa na chuo cha washauri wa uhamiaji cha Kanada, na jina lake lipo kwenye orodha ya wazi mtandaoni. Kaka wa kanisani anayejaza fomu kwa dola 300 na kukataa kuweka jina lake kwenye faili atakuacha peke yako.

Hatua ya nane: amua kuhusu uraia

Uraia unahitaji siku 1,095 za kuwa Kanada ndani ya miaka 5 kabla ya kuomba. Kila siku uliyokaa kihalali kabla ya PR, kama mwanafunzi, mfanyakazi au mkimbizi aliyetambuliwa, inahesabika nusu, mpaka kufikia siku 365. Wenye miaka 18 hadi 54 wanaonyesha Kiingereza au Kifaransa cha kiwango cha 4 kwa vipimo vya lugha vya Kanada na kufanya mtihani wa maswali 20, wa kupata 15. Mtoto wa chini ya miaka 18 anayeombewa pamoja na mzazi hahitaji kutimiza siku hizo. Muweke kwenye maombi yako.

Mkenya hana cha kupoteza, katiba ya 2010 inamruhusu uraia pacha. Mtanzania mtu mzima anaupoteza uraia wa kwao akichukua wa Kanada, na Mkongomani vivyo hivyo kwa mujibu wa katiba ya 2006. Naheshimu sana Watanzania wanaobaki na PR kwa sababu ya shamba, ya wazazi, na ya kutotaka kuingia Kilimanjaro kama mgeni. Lakini waelewe wamechagua kuhesabu siku maisha yao yote na kuogopa kila kesi ya barabarani. Kwa mkimbizi ushauri wangu hauna mawili: siku ya 1,095 ikifika, omba, ukijiachia siku chache za ziada kwa makosa ya kuhesabu.

Na siku ya kiapo ikipangwa, usikate tiketi ya kusafiri wiki hiyo. Ukishaapa, kadi ya PR haitumiki tena, na pasipoti ya Kanada inaombwa baada ya kupata cheti cha uraia. Subiri itoke ndipo upange safari.